Lebo kwenye Koti la Mzee Morita

Germantown, Oktoba 1998

Kaka Silvanus,

Mimi mzima, ila baridi imeanza. Yule mzee wa Kijapani ninayemtunza, Morita, aliyelima stroberi California, jana kapelekwa nyumba ya wazee. Mwanawe kauza nyumba, akamwambia, "Baba, chukua unachoweza kubeba tu."

Wakati wa vita vya Hitla, askari wa Amerika walimwambia maneno hayohayo, wakamfungia kambini na Wajapani wenzake. Jirani akabaki na shamba.

Basi jana mzee akavaa suti, akafunga lebo yenye jina lake kwenye kifungo cha koti, kama walivyofungwa lebo siku ile, akakaa mlangoni kusubiri askari. Mwanawe akacheka, akampiga picha.

Shangazi ameniandikia. Kumbe shamba la Mama umeshaliuza.

Mama ulimwambia abebe nini?

Mdogo wako,
Elieth