Sauti Isiyokuwa ya Jayanti

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua duka saa moja na nusu. Maji ya mvua yameingia stoo, mifuko miwili ya saruji imeganda. Nikaitoa nje haraka kabla Mzee Jayanti hajaiona. Kaiona. Akasema, "Mtumwa wangu, saruji ni yangu lakini uvivu ni wako." Nikamwambia Mgogo atajuaje habari za mvua, kwao mvua wanaisikia redioni. Wateja wakacheka. Wawili walikuwa wachimbaji wa Geita, wamefuata sululu na kamba. Mmoja akauliza Mhindi anakuwaje Mgogo.

Nikaeleza kwa mara ya elfu. Jayanti kazaliwa Dodoma. Siku aliyoniajiri, miaka ishirini na saba iliyopita, alisikia Kiswahili changu akajua natoka wapi. Akasema wewe Msukuma, mimi Mgogo, basi sisi watani. Hakuna aliyemlazimisha. Mtani anakutukana na hukasiriki, nawe unamrudishia. Akikuita mtumwa, unamwita ombaomba. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha waliofiwa. Ndivyo tulivyoishi mimi na yule mzee.

Kikohozi chake sikipendi.

Jumanne, 4 Machi

Hakuja dukani. Mwanawe Dipak kasema ni presha. Duka limepoa. Nimejikuta natukana makarai.

Alhamisi, 6 Machi

Mtani wangu amefariki. Asubuhi hii, hospitalini. Dipak alinipigia, akashindwa kumaliza sentensi. Nilikaa kwenye kigoda uani nikalia. Mke wangu, Mama Neema, akaniletea maji, hakuniambia nyamaza. Nimemshukuru kwa hilo.

Hansa anakuja kutoka Dar. Binti wa pekee wa mzee. Nilimpeleka shule kwa baiskeli tangu darasa la kwanza mpaka la nne. Mpaka leo akipiga simu neno lake la kwanza ni shikamoo Baba Neema.

Kesho nina kazi. Mtani hakai kimya msibani. Mama yangu alipofariki, Jayanti aliendesha gari mpaka kijijini kwetu, nyuma ya Mwadui, barabara yote matope. Akakaa ukingoni mwa kaburi na kofia yake, akakataa kuondoka. Akamwiga mama anavyowatafuta kuku wake jioni, kwa Kisukuma safi, huku akiwataja kwa majina. Kijiji kizima kilicheka na kulia. Dada yangu Kabula peke yake aliinuka akaondoka. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Nitamsindikiza vilevile.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeharibu.

Watu walikuwa wengi. Ndugu zake wamevaa nyeupe, wako barazani. Wafanyakazi, wapagazi na majirani tuko uani. Walipoupakia mwili kwenda kuuchoma, nikaanza kazi yangu. Nilikuwa nimevaa koti lake la dukani na miwani yake, ile yenye kamba. Nikalala mbele ya gari. Nikasema haendi popote huyu, hajanijibu tusi la Jumatatu. Watu wakacheka. Dipak alitabasamu, nilimwona kwa macho yangu. Ningeishia hapo.

Sikuishia hapo. Nikainuka nikatembea kama yeye, mkono mmoja mgongoni. Uani wakapiga makofi. Mtu akasema ongea basi. Nikaongea. "Veve kuja kesho, mimi hapana pata nafasi." Na kichwa nikakitikisa, kile kitikiso ambacho kila mtu hapa mjini anakijua. Watu hoi. Kadiri walivyocheka ndivyo nilivyoongeza. Nilinogewa, niseme ukweli.

Hansa akatoka ndani. Hakupiga kelele. Akanivua miwani ya baba yake usoni, akaikunja.

"Leo, Baba Neema? Hata leo?"

Halafu akasema, "Baba hakuwahi kuongea hivyo." Akarudi ndani. Gari likaondoka. Nikabaki nimesimama na koti la marehemu, na wale waliokuwa wanacheka wanatazama viatu vyao.

Jumamosi, 8 Machi

Sijala vizuri. Nina hasira na Hansa. Kasoma sana, kasahau mila. Utani ni utani.

Neema kapiga simu kutoka chuoni. Kashasikia, sijui nani anampelekea. Nilidhani atanitetea. Kasema nilichofanya ni ubaguzi wa rangi, na kwamba neno halipimwi kwa aliyelisema tu, linapimwa pia kwa lilipoangukia. Nikamwambia siku hizi kila kitu kwenu ni ubaguzi, mtu hawezi hata kupiga chafya. Hapo akanigeuzia kibao. "Na wewe, baba, miaka ishirini na saba unaitwa mtumwa na Mhindi, dukani kwake, mbele za watu. Hilo nalo ni nini?"

Nikasema utani. Akasema utani ni wa watu walio sawa. "Wewe ungeweza kumfukuza kazi?"

Nilikata simu. Mtoto wangu mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Mama Neema anasema niende nikaombe radhi, yaishe. Yeye haoni ugumu. Lakini mtani haombi radhi kwa utani. Nikiomba, ni kama natangaza kwamba Jayanti hakuwa Mgogo wala mtani wangu. Kwamba alikuwa Mhindi tu, mgeni, na mgeni hataniwi, mbele yake unachunga mdomo. Nitakuwa nimemtoa ndani ya kabila alilojichagulia, tena akiwa majivu. Nisipoomba, nimemwachia Hansa kidonda msibani mwa baba yake.

Huku shimo, huku shimo. Kanisani leo sikusikia mahubiri hata neno moja.

Jumatano, 12 Machi

Duka limefunguliwa. Nimefika saa moja na nusu, nikamkuta Dipak keshafungua kwa funguo za baba yake. Akaniambia kwa heshima zote, "Bwana Masanja, naomba na zako zikae kwangu kwa sasa." Nikampa. Nilikuwa nazo tangu yeye ananyonya. Hajawahi kuniita Bwana Masanja maisha yake yote. Nilikuwa Baba Neema.

Siku nzima hakuna aliyenitukana. Nimeumwa kichwa.

Neno la Neema halinitoki. Nimekumbuka siku moja ambayo huwa siikumbuki kwa hiari. Jayanti alipata wageni kutoka Uingereza, wajomba zake sijui. Akanionyesha kwao, "Huyu ndiye mtumwa wangu." Akaongeza maneno kwa lugha yao. Wakacheka wote. Nikangoja anigeukie ili nimrudishie. Hakugeuka. Wakaingia ofisini, nikaendelea kupanga mabati. Siku ile sikujibu. Na utani usiojibiwa sijui unaitwaje.

Nina hasira naye. Amekufa, namkosa, na nina hasira naye.

Jumamosi, 15 Machi

Niko Ushirombo kwa dada Kabula. Nimekuja kuuliza nilichopaswa kuuliza miaka hiyo.

Alikuwa anabangua karanga. Nikamsaidia kwanza. Kisha nikamuuliza: siku ya msiba wa mama, Jayanti alipokuwa anamwiga, uliondoka kwa nini? Ni kwa sababu ni Mhindi?

Akanishangaa. "Mhindi kitu gani? Alimwiga sawasawa. Nilimsikia mama kabisa, nikashindwa kukaa." Akabangua kama karanga kumi hivi. Kisha akasema, "Aliyeniudhi ni wewe. Ulikuwa unacheka huku unamwangalia tajiri wako, kama mtoto anayeangalia mwalimu."

Nikasema si kweli. Akasema haya, kula karanga.

Ni kweli. Imeniuma kuliko funguo.

Jumapili, 16 Machi

Nimerudi Shinyanga. Nimelielewa jambo, na halinipi raha.

Jayanti alimwiga mama. Mama mwenyewe, na kuku wake. Hakuwaiga Wasukuma. Mimi nilianza kumwiga Jayanti, mkono mgongoni, vizuri tu. Watu waliponiambia ongea, nikamwacha Jayanti nikachukua Mhindi. Yule mzee alijua Kiswahili kunizidi. Kisukuma chake kilikizidi cha Neema. Hakuwahi kutamka "veve" hata siku moja.

Na najua nilikoitoa sauti ile. Ni ya watoto wa barabara ya shule. Walikuwa wanatukimbilia nyuma ya baiskeli, veve, veve, Mhindi rudi kwenu, na Hansa amenishika shati kwa nguvu mpaka vifungo vinakatika. Nilikuwa nashuka nawafukuza kwa mawe. Siku moja akaniuliza kwao ni wapi, ili akajiandae. Alikuwa na miaka saba. Nikamwambia kwenu ni hapa, shika vizuri tusianguke.

Kisha nikamwendea mimi na sauti ile ile, siku ya baba yake. Aibu. Sina neno jingine.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya kumi na tatu ya msiba, kwao ndiyo ya kumaliza matanga. Nimekwenda baada ya watu kuondoka, mchana. Hansa alikuwa uani anakunja mikeka. Akasema shikamoo. Nikaitikia, lakini alikuwa haniangalii.

Nilikuwa nimejipanga maneno. Yalitoka hovyo. Nikamwambia sikuja kuomba radhi kwa utani, utani ulikuwa haki ya baba yako na amekwenda nao. Naomba radhi kwa ile sauti. Haikuwa yake. Niliiokota kwa wale watoto wa njiani, unawakumbuka.

"Nawakumbuka," akasema. Akakunja mkeka mwingine.

Kisha akaniuliza kama baba yake aliwahi kuniomba radhi kwa lile neno, mtumwa. Nikasema hapana.

"Ulikuwa unacheka kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo yakaisha. Msiba ni msiba. Nikasema, "Siku nyingi, kweli kabisa. Siku nyingine, hapana."

"Ulimwambia?"

"Hapana."

Akaketi juu ya mikeka. "Nyumbani alikuwa anatuambia wewe ndiye mtu pekee mjini hapa asiyemwogopa," akasema.

Mzee aliamini hivyo, na mimi nilimwachia aamini. Nikaketi naye, kuku wa jirani wanapekua chini ya mabomba.

Baadaye akasema, "Niigie. Yeye mwenyewe." Sikutaka. Akasema naomba. Nikasimama, nikaweka mkono mgongoni, nikasafisha koo kama alivyokuwa anasafisha kabla ya kugomba. Nikaigomba saruji iliyoloa, kwa Kisukuma, taratibu, na lile neno lake la mwisho la kila ugomvi, wabeja, asante, kama vile mfuko umemsaidia kitu. Hansa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka akaingia ndani, kama Kabula.

Nilimalizia kukunja mikeka nikaondoka.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua hakuna. Hansa karudi Dar jana. Kanipigia akiwa uwanja wa ndege Mwanza, shikamoo Baba Neema, nimesahau chaja. Basi. Nimefurahi.

Funguo bado ziko kwa Dipak. Nafika saa moja na nusu, nangoja nje na wateja. Ananiambia karibu, Bwana Masanja. Ni kijana mwema. Hajui afanye nini na mimi.

Saa nne kaingia dereva wa lori, mzigo wake unakwenda Geita, kajaa vumbi mpaka kope. Akanisikia namhudumia mtu, akasema kwa sauti, "Kumbe mtumwa wangu mmoja alitorokea huku? Nipimie misumari." Mgogo, wa Dodoma kabisa. Nilimtazama kwanza. Zamani nisingemtazama. Nikamwambia apanguse miguu, na bakuli la kuombea aliache nje. Tukacheka mpaka akashika kaunta.

Dipak aliinua kichwa, hajui acheke au amkemee. Nikamwambia huyu ni mtani wangu. Dereva alipokwenda kufunga turubai lake, Dipak akasogea karibu.

"Na baba, Bwana Masanja? Naye ilikuwa hivi hivi?"

Misumari ilikuwa bado kwenye mizani. Nikamwambia angoje nimalize kupima.