Turubai la Bi Prayong

Bangkok, 4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa? Sisi wazima, ila Phim ana mafua, na hata mafua hayajamfunga mdomo.

Mama, nimekupigia simu mara tisa wiki hii. Inaita mpaka inachoka. Nimekukosea nini? Kama ni yale maneno ya mwaka mpya, nisamehe yaishe.

Jumapili nataka kumleta Phim alione soko. Ana miaka minne na hajawahi kumwona bibi yake akiuza vibua kando ya reli. Tutakuja kimaskini: treni ya daraja la tatu kutoka Wongwian Yai mpaka Mahachai, tuvuke mto kwa pantoni, halafu treni ya pili mpaka mezani kwako. Mchana tupande pikapu twende Amphawa, tukale vyakula vinavyouzwa kwenye mitumbwi. Usipike.

Mwanao,
Raewadi


Maeklong, 6 Februari

Mwanangu Rae,

Marahaba. Mimi mzima, goti ni lile lile. Phim mpe maji ya tangawizi.

Sijanuna. Simu ni mbovu, imeingia maji ya samaki. Wewe andika tu, mwandiko wako mbaya nimeshauzoea.

Lakini kwa treni msije! Chafu, inayumba, na hapa Jumapili watalii wanakanyagana wakipiga picha. Mtoto wa miaka minne relini anatafuta nini? Pandeni gari dogo moja kwa moja mpaka Amphawa, nitawakuta kwenye ngazi za mtoni saa saba. Tena Jumapili hiyo Bi Prayong wa meza ya jirani hatakuwepo, anakwenda hekaluni, na bila yeye mimi sina mkono wa pili. Nitii mara moja tu katika maisha yako.

Mama yako


Bangkok, 8 Februari

Mama,

Leo salamu zinanishinda. Barua yako nimeikuta chini ya mlango tuliporudi kutoka kwako. Ulituona, ulitulisha, lakini hujui nilichokiona mimi.

Tulisimama mbele kabisa, nyuma ya dereva, Phim nimembeba. Dereva akapiga honi. Soko zima likaanza kujikunja, turubai moja baada ya jingine, matenga yakavutwa ndani. Phim akapiga makofi. Ndipo nikakuona. Umetupa mgongo, unapinda shingo za vibua ili vienee tengani, turubai lako bado limetanda juu ya reli. Meza ya Bi Prayong tupu. Honi tena. Tena. Dereva akasema, "Huyu mama vipi, amelewa asubuhi yote hii?" Akashika breki. Niligonga kioo kwa ngumi, Mama, nikapiga kelele mpaka Phim akaangua kilio. Muuza ndimu wa ng'ambo ya reli akakurushia ndimu ya bega. Ukainua macho, ukaona turubai lake limekunjwa, ndipo ukavuta la kwako. Kichwa cha treni kilikuwa hatua tatu kutoka kwako.

Nilipofika mezani nilikuita mara tatu. Phim alikuuliza samaki hulala saa ngapi, ukamjibu bei, baht arobaini. Nikacheka kwa woga tu.

Husikii, Mama. Tangu lini? Iache hiyo meza kesho, njoo ukae kwetu. Kila honi inayolia mtaani, mimi naiona ile treni. Naogopa, jamani.

Mwanao


Maeklong, 19 Februari

Mwanangu,

Natumai Phim amepona. Mimi mzima, masikio tu.

Haya, umenikamata. La kushoto lilikwenda mwaka juzi, la kulia likalifuata. Simu si mbovu. Inatetemeka mkononi, naona jina lako, naibana kifuani mpaka inyamaze. Niliona heri udhani nimenuna.

Treni naijua kwa turubai la Bi Prayong. Likikunjwa, nami nakunja. Siku moja alikunja ili kukung'uta maji ya mvua, nami nikakunja, nikavuta matenga yote ndani, nikasimama kungoja treni ambayo haipo. Sokoni walicheka mpaka wakakaa chini. Nikacheka nao, huku narudisha matenga nje. Yeye mwenyewe hajui kitu mpaka leo.

Kwako sitakuja kukaa. Humo ghorofani nani atanikunjia turubai? Moto ukiwaka, Phim akilia chumba cha pili, nitajuaje? Hapa cha kuniua ni treni moja ninayoijua. Huko naogopa kila kitu.

Mama yako


Bangkok, 23 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako bafuni ili Phim asinione.

Basi usihamie. Lakini nimekupatia daktari wa masikio, Alhamisi tarehe tano Machi, saa nane mchana. Kazini wamenipa ruhusa siku hiyo tu. Asubuhi na mapema nitapanda treni nije nikuchukue. Na Bi Prayong mwambie. Usipomwambia, nitakuja kumwambia mimi mbele ya soko zima, na unajua sauti yangu.

Mwanao


Maeklong, 28 Februari

Mwanangu Rae,

Sijambo. Nimemwambia.

Alinipiga kofi la bega, akaniita mwehu, kisha akalia mbele ya wateja. Nikamwomba aniandikie maneno yake, kwa sababu alikuwa anasema mbio na midomo sikuipata. Akaandika kwenye karatasi ya kufungia samaki: "Miaka miwili nimebeba roho yako bila kuambiwa! Na mara ngapi nimekwenda chooni!" Kweli sikuwahi kuliwaza hilo.

Usije kunichukua, utachelewa kwa daktari. Nitapanda treni ya kwanza. Njia hiyo niliipita na samaki kichwani kabla hujazaliwa, lakini sasa hata pantoni naiogopa, mtu akinipigia kelele nisogee nitafanyaje? Prayong ameniorodheshea vituo vyote, nitavifuta kwa kalamu kimoja kimoja.

Ila Wongwian Yai usijifiche nyuma ya watu ukaniita. Simama mbele kabisa, mwinue Phim juu, niwaone kupitia dirishani. Nisipowaona, mimi sishuki.

Mama yako