Kura Moja ya Mtaa Wetu

Machimboni, 3 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mgongo unauma na kifua kimejaa vumbi la kokoto, mengine mazima. Mama anaendeleaje na miguu? Wewe sikuulizi, najua mshindi haugui.

Juzi mlinzi alifungulia redio, tukaweka nyundo chini kusikiliza matokeo ya ubunge ya mkoa wetu. Viti vyote mmechukua nyinyi wa chama chako. Hongera. Wenzangu wawili wa mtaani kwetu walirusha kofia juu, ya mmoja ikaangukia kwenye mashine ya kusaga mawe. Nilicheka mpaka alipofika dereva wa lori.

Dereva amepita nyumbani. Anasema umemtoa dada yetu nje, yeye na mtoto wake mgonjwa, godoro likalala mvuani. Kisa, uchaguzi. Si mmeshinda? Mshindi anafukuzaje watu? Nyumba ile niliijenga mimi, na chumba kile nilimpa mimi alipofiwa na mumewe. Mrudishe.

Kaka yako


Nyumbani, 11 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo, miguu imepungua uvimbe.

Umesikia redio ya mlinzi ukadhani umesikia yote. Redio inasoma mkoa, haisomi kituo. Matokeo ya kituo chetu yalibandikwa pale shuleni, mlangoni mwa darasa: mheshimiwa mbunge wetu mia nne na kumi na mbili, mpinzani moja. Moja! Nami, mwenyekiti wa chama hapa mtaani, nilikuwa nimemwahidi kura za mtaa mzima. Alikuja kushukuru, akasoma, akaniuliza mbele ya watu, "Mwenyekiti wangu, na huyu mmoja ni nani? Mkeo?" Wakaangua kicheko. Mke mwenyewe sina. Ile kazi ya ofisini kwake aliyoniahidi amempa kinyozi wa hapa mtaani.

Kampeni nzima dada alikuwa ananiita mbwa wa geti. Nani mwingine kama si yeye? Silali nyumba moja na mtu aliyenikata miguu. Wewe ulijenga ukaondoka, aibu naibeba mimi. Hata kura hukupiga, leo unatoa amri.

Mdogo wako


Machimboni, 19 Novemba

Mdogo wangu,

Mimi mzima, kiasi cha kuweza kukasirika. Msalimie mama.

Siku ya kura dada alikuwa wodini, mtoto ana nimonia. Dereva ndiye aliyewapeleka alfajiri, na ndiye aliyewarudisha siku mbili baadaye. Dada alikuonyesha kidole kisicho na wino, ukamwambia kaufuta kwa ndimu. Ndimu! Ulikuwa unapiga kelele barabarani na kipaza sauti chako, hukuona hata kitanda kitupu chumba cha pili. Halafu unajiita mwenyekiti.

Katafute msaliti kwingine. Anza na kinyozi. Dada arudi, na umwombe radhi kwa sauti ileile uliyomfukuzia. Ukikataa nakuja mwenyewe, na nyundo siiachi huku.

Kaka yako


Nyumbani, 2 Desemba

Kaka,

Shikamoo. Afya ipo, usingizi hakuna. Barua hii isome ukiwa peke yako.

Nilipopata yako niliwaka. Nikamwambia mama, "Sasa nawaita watu wa mtaa mmoja mmoja, wataapa mpaka apatikane." Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Usisumbue watu," akasema. "Ni mimi."

Nilidhani anamkinga dada. Akaniambia, "Asubuhi ya kura ulinishika mkono, ukanichorea kwa kalamu kwenye kiganja pa kuweka alama, kama mtoto wa chekechea. Ukanifuata mpaka mlangoni mwa kituo unanikumbusha. Mimi niliyekuzaa! Nilipofika kule ndani nikasema, hapa hanioni."

Nikamuuliza, "Sasa mbona ulinyamaza dada akitolewa?"

"Nilikuogopa," akasema. "Mama mzima namwogopa mtoto wangu. Leo nimechoka."

Akafunga mzigo wake, akaenda kwa dada, kwenye chumba alichopanga nyuma ya mashine ya unga. Kinavuja, na wako watatu humo. Kaka, wewe anakusikia. Mwambie arudi. Watu wakiuliza, nitasema kaenda kumlea mjukuu. Mheshimiwa akijua kura ile ni ya mama yangu mzazi, nimekwisha. Na dereva asijue neno, yule hana breki mdomoni.

Mdogo wako


Machimboni, 9 Desemba

Mdogo wangu,

Salamu. Macho yangu yameharibika kwa vumbi. Tangu mwaka jana barua zako ananisomea dereva, na hizi zangu anaziandika yeye. Hii ya mwisho aliisoma wakati wa chakula, wavunja kokoto wote tumekaa, na wale wawili wa mtaani kwetu wakiwa mbele kabisa. Alipofika penye breki alikohoa, akaendelea.

Hakuna aliyekucheka. Walipomsikia mama anasema anakuogopa, waliacha kutafuna.

Sitamwambia arudi kwa mtu anayemtisha. Atarudi pamoja na dada na mtoto, wewe ukiwa umeshatoka. Kile chumba cha nyuma ya mashine kitabaki kitupu, kapange humo. Mvua ikikulowesha godoro, usiniandikie.

Jumanne dereva anapita. Mpe ufunguo. Usimpe maneno, anayo ya kutosha.

Kaka yako, bado