Ule Moyo wa Mia Mbili na Tatu

Beni, Mulekera, tarehe 9 Juni 2001

Kwako yaya Stanislas, kaka yangu mukubwa, Mususa, Butembo,

Nakusalimia kwanza, maana mama alitufundisha kwamba hata mutu mwenye umegombana naye unamuuliza ameamka namna gani. Donc, umeamka namna gani? Mama Falonne na batoto banaendeleaje? Afya yako nauliza kweli, hapana kwa desturi. Mimi niko muzima. Ninabeba magunia kwa mugongo sokoni, jioni bega linawaka, lakini niko muzima, na hilo ndilo neno lililonifanya nikuandikie.

Nitaanza toka mwanzo, kwa sababu siku ile Luofu, mbele ya baba mudogo Lusenge, ulisema peke yako na mimi nikaambiwa ninyamaze.

Yule daktari muzungu uliyelinda nyumba yake alipokimbia vita, alikuachia vitu vyake vya mazoezi ya kinga, maana kila asubuhi alikanyaga baiskeli: saa moja na mikanda miwili ya kufunga kifuani. Mukanda unasikiliza moyo, saa inaonyesha unapiga mara ngapi kwa dakika. Toka siku hiyo batu wa Mususa bakaanza kukuita docteur kwa mucheko, nawe ukaitika. Ulichukua mia mbili na ishirini, ukatoa miaka yangu thelathini na ine, ukapata mia moja themanini na sita. Ukaniambia hiyo ndiyo maximum, ni bariyeri ambayo Mungu mwenyewe ameweka, na mutu akiivuka moyo unapasuka.

Tukapakia maharagi kwa ile kinga ambayo baba aliniachia mimi, hapana wewe. Mukanda mumoja ukanifunga kifuani, saa ukaifunga kwa usukani. Pa tambarare nilikanyaga mimi, wewe ukifuata mbali nyuma kwa miguu, na kila nilipokungoja namba ilikuwa mia moja arobaini, ukafurahi kama ni wewe umeniumba. Karibu na Lubero tuliona bariyeri ya askari. Mukanda wa pili ulikuwa mufukoni mwako. Ukaogopa wataunyanganya, ukaufunga kifuani mwako chini ya shati. Askari mumoja akanifungua shati mimi, akauona wa kwangu, akauliza, « Ee papa, hii sutien ya kushika maziwa ni ya bibi yako ao ni ya kwako? » Benzake bakacheka mpaka bakatuacha tupite bure. Wewe pia ulicheka.

Kisha mulima. Tulisukuma kama kila siku: wewe mbele umeshika usukani, mimi nyuma ya magunia, kichwa chini. Katikati ya mulima ukapiga kelele, « Kamate, simama! Mia mbili na tatu! Moyo yako imevuka! » Nikakuambia ninapumua vizuri. Ukanijibu mugonjwa hajui ugonjwa wake. Tukakaa. Mimi nilikula ndizi. Wewe ulikaa palepale karibu na usukani, jasho linatiririka, midomo imekuwa rangi ya majivu, ukasema ni woga wa kuniona ninakufa. Na namba ilikataa kutulia: mia moja na tisini, ikashuka tisini na sita, tena mia moja themanini na nane. Ukatikisa kichwa, ukasema, « Unaona? »

Tuliporudi Luofu ulisimama mbele ya jamaa yote, ukasema kinga itaniua, apewe mukwe wako Eliezer. Ukaongeza kwamba unasema hivyo kwa mapendo. Kyakimwa, bibi yangu, akakuuliza kama saa yako inajua pia batoto betu batakula nini. Ukamujibu mwanamuke hajui mambo ya masini. Eliezer akachukua kinga usiku hata haujaingia. Na wewe ukatangaza pote, mpaka hakuna mwenye mali kutoka Luofu hadi Butembo aliyekubali kunipa muzigo, akiogopa nitaanguka nao njiani. Ndiyo maana niko Beni. Mutu mwenye moyo ulioisha, ukamutuma kubeba magunia kwa mugongo! Mapendo yako ni makali, yaya.

Sasa sikia. Juma lililopita niliumia bega, nikaenda kwa infirmière mumoja, muuguzi wa hapa Mulekera, jina lake Hadjara. Alipotaka kujua kazi yangu nikamutolea hasira yote, pamoja na habari ya mulima. Akacheka. Akasema ile mia mbili na ishirini ni makisio tu, imetolewa kwa batu wengi. Mumoja anaipita kidogo na ni muzima, mwingine hafikii na ni muzima vilevile. Hapana bariyeri. Akanipandisha na kunishusha ngazi mpaka nikahema, akanishika mukono akihesabu, akasema moyo huu hauna neno.

Kisha akauliza mikanda ilikuwa mingapi. Nikasema miwili. Wa pili ulikuwa wapi? Kifuani mwa yaya. Na saa? Kwa usukani. Na usukani ulishikwa na nani?

Yaya, pale Hadjara aliacha kucheka. Saa za namna ile hazijui jina la mutu. Mukanda ukilowa jasho unaamka, na saa inashika ulio karibu. Mimi nilikuwa mbali, nyuma ya magunia. Ile mia mbili na tatu ilikuwa moyo wako. Na wewe una miaka hamsini na mbili. Alisema pengine masini ilidanganya, inatokea. Mais mutu aliyekaa chini, anatoka jasho, midomo ya majivu, na moyo wake unakimbia, unasimama, unakimbia tena, huyo asikilizwe na muganga kabla hajagusa kazi yoyote.

Nilipotoka kwake nilicheka njia nzima. Nilipofika nyumbani chakula kilinishinda.

Jumaine, dereva anayekuletea barua hii, ameniambia unajitayarisha kupanda mulima uleule pamoja na Eliezer. Usipande. Nenda hospitali leo, na umwambie muganga namba zote nilizoandika.

Usifikiri nimekusamehe. Sijakusamehe. Nataka upone, kisha uende Luofu, usimame mbele ya baba mudogo Lusenge na Kyakimwa, useme kwa kinywa chako moyo ule ulikuwa wa nani. Ukifa sasa, batakulilia kama docteur, kinga ya baba itazeeka mikononi mwa Eliezer, na mimi nitabaki mutu wa moyo ulioisha mpaka nizikwe, maana nani atasadiki neno langu juu ya marehemu? Donc ishi, yaya. Ninakuhitaji muzima.

Pokea salamu za Mulekera, na umufikishie mama Falonne za kwake. Jibu umupe Jumaine mukononi, atangoja mulangoni.

Ni mimi, mudogo wako wa tumbo moja,

Kamate