Ushuru wa Kulwa na Doto

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unatembea vizuri, lile goti limeacha kukusumbua. Huku ugenini kwenye mgodi wa shaba tu wazima, wajukuu zako mapacha wanakula na kulia kwa zamu. Ila mimi nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, unisamehe mwandiko.

Unajua mgodi hutulipia nauli ya likizo, familia nzima. Nami nilishajitapa kwa kila mtu kwamba safari hii tunapanda ndege bure hadi Dar, halafu treni mpaka Shinyanga. Jumatatu tukaenda ofisi ya tiketi, Kulwa mgongoni kwa mama yake, Doto kwangu. Karani akasema nauli imelipwa, lakini kodi ni juu yetu. Kodi gani tena? Eti ipo ya serikali juu ya tiketi, na upo ushuru wa uwanja wa ndege, kila kichwa na wake.

"Haya, vichwa viwili," nikasema.

"Vinne," akasema.

Mama, nilicheka! Kwetu tangu lini mtoto wa mgongoni akalipa? Basi la Kahama kwenda Runzewe, kondakta hata hamtazami. Karani akanieleza polepole kana kwamba mimi kiziwi: nauli ni ya shirika la ndege, na shirika huwapunguzia watoto, ushuru ni wa serikali, nayo haimpunguzii mtu. Mshahara wanakata, sukari wanakata, sasa mtoto ambaye hajaota jino alipe kwa kuruka! Si wizi huo?

Nikamwambia pesa hiyo sina. Akajibu bila hata kuinua uso: "Mwacheni mmoja kwa jirani, mtampeleka likizo ijayo."

Lo! Kulwa aende kufanyiwa mila ya mapacha, Doto abaki? Mapacha, mabasa wetu, hawatenganishwi, kwetu hata mtoto wa shule analijua hilo. Nikamweleza kwamba bibi yao anawangoja wote, na pombe ya mila imeshaanza kuandaliwa. Akasema hayo hayamo katika kanuni zake.

Basi mkweo, huyo unayemsifu kwa upole, akafungua kanga, akanipokonya na Doto, akawalaza wote wawili mezani pake, juu ya makaratasi yake. "Chagua wewe wa kubaki," akasema. "Mimi nimeshindwa." Karani akamtazama huyu, akamtazama yule. Nani ni nani hakujua. Doto akamkojolea mihuri, na wallahi sikuomba radhi.

Lakini hakupunguza hata senti. Akatupa muda mpaka Ijumaa tu. Nilirudi nyumbani nikitukana njia nzima, mke wangu akinivuta shati watu wasisikie. Jana nimelipa. Nimeuza cherehani yako, Mama, ile niliyokununulia ukashonee sokoni. Imeniuma sana, na bado inaniuma.

Nisalimie shangazi Mwamvua, aliyenilea, mwambie ngoma ya mapacha aipige kwa nguvu zote. Nisalimie na mjomba Salumu, fundi baiskeli, atupokee stesheni. Mdogo wangu Hadija mbusu.

Tukishuka Shinyanga mikono mitupu, usiniulize mzigo uko wapi. Nyoosha mikono yote miwili, nikupe wajukuu zako.

Ni mimi mwanao mwenye hasira,
Ramadhani