Samaki Aliyesubiri Adabu

Mama Zuhura,

Salamu kutoka Guangzhou, nakuombea afya wewe na wote hapo Mnyambe. Jana mnunuzi wa korosho zetu, mzee mwenye mvi, alitualika mimi na mkalimani wangu kwenye mgahawa wa kifahari. Akaletwa samaki mzima wa mvuke, kichwa kikaelekezwa kwangu. Sikugusa, nianzeje kabla ya mzee? Kumbe kwao mzee humsubiri mgeni! Tukabaki tunatabasamiana, samaki anapoa, mpishi anachungulia mlangoni kwa wasiwasi. Mkalimani, binti wa Kichina, akachoka: “Shikamoo baba, lakini kula! Samaki akipoa, mpishi ataaibika.” Nikala. Tangawizi, majani ya kitunguu, na nyama laini inayoachia mfupa bila ugomvi. Nikarudia kabla mzee hajaonja.

Mungu akulinde. Nakukumbuka kila saa, isipokuwa zile dakika za samaki.

Baba Zuhura