Mipira ya Waipa Uliyoifunga Mwenyewe

Baba Upendo wangu,

Mvua za kwanza zimefika, na mimi bado nagombana na watu. Ila kugombana kumepoa tangu uondoke. Hakuna wa kuniambia, "Mama Upendo, hasira iko sawa, sasa punguza chumvi."

Nimeamka nikikumbuka ile safari yetu ya kwanza na pikapu. Madereva wenzako kwenye mashine za kukamua alizeti walikuwa wamekuambia kwamba mpira wa waipa ukikauka kwa jua, dawa yake ni mafuta. Ukachukua chupa yangu ya mafuta ya alizeti jikoni, ukaipaka mipira ikang'aa, ukasimama pembeni umejishika kiuno. Tukatoka Mwankoko kwenda Issuna kwa mama yako, Upendo tumemkalisha katikati. Tulipoipita Ikungi mvua ikashuka. Ukawasha waipa, na kioo kizima kikageuka maziwa. Ukatoa kichwa dirishani, maji yanakupiga usoni.

"Baba Upendo," nikasema, "vimebaki vitunguu tu tuanze kukaanga."

"Cheka, lakini mshike mtoto!"

Mama yako alipohadithiwa alikutazama ulivyolowa, akasema, "Alizeti inaliwa, mwanangu. Kwani gari lilikuambia lina njaa?" Mpaka mavuno, kijiji kizima kilikuita Fundi Kaanga.

Ukaondoa yale mafuta kwa maji ya sabuni, na kuanzia hapo ukawa mkali kuliko mimi. Kiangazi, vumbi jekundu likijaa kwenye kioo, ole wake mtu awashe waipa kabla ya kumwaga maji. "Hilo si vumbi, ni msasa," ulikuwa ukisema. Kila ulipoegesha juani uliinua waipa zote mbili, mipira isiungulie kwenye kioo. Majirani wakapata la kusema: "Gari la Baba Upendo linaomba mvua." Ulikuwa unawajibu, "Ikinyesha msije kuniomba lifti." Na ilipokaribia kunyesha ulibadilisha mipira, hata ile ya zamani ikiwa inaonekana nzima. Jua la huku halimwachi mtu na mpira wake.

Mimi nikayachukua hayo nikayapeleka gazetini, kwenye safu yangu, unajua mwenyewe. Niliwashambulia wanaonunua spika za kutikisa mji mzima huku waipa zao zimebaki chuma kitupu kinachokwaruza kioo. Niliwashambulia wanaobandika maneno ya Mungu katikati ya kioo cha mbele, kisha wakigonga mtu wanasema ni mapenzi yake. Mungu hakumtuma mtu aendeshe bila kuona! Niliandika hivyo, na sifuti hata neno moja. Ulisoma ukiwa kitandani, tayari umedhoofika, ukacheka mpaka ukakohoa. Wiki ileile ulitoka nje umejifunga shuka begani, ukabadilisha mipira kwa mkono wako. Nilikukataza. Ukasema, "Niachie hii moja."

Ndiyo ilikuwa kazi yako ya mwisho kwenye gari hilo.

Sasa utaelewa kwa nini sikuigusa. Masika yakaisha, kiangazi kizima kikapita, gari limesimama uani na waipa zimelala juani. Sikuziinua. Kila nilipotaka kuziinua niliona mkono wako pale. Mpira ukapasuka, ukakakamaa. Fundi akaniambia, "Mama, huu si mpira tena, ni utepe wa kaseti." Nikamwambia anyamaze, aangalie oili.

Jumapili iliyopita nikampeleka Upendo kwa bibi yake. Mvua ikatukuta palepale, mbele ya Ikungi. Waipa zikapita, zikaacha michirizi, zikarudi, zikaacha mingine. Nikasema nitakwenda polepole. Ghafla mbele yangu mtu anasukuma baiskeli yenye gunia la mahindi. Nilikanyaga breki, pikapu ikasimama, baiskeli ikalala chini. Yule mzee hakuumia. Alilipiga boneti kwa kiganja.

"Wewe mama, huoni?"

Nilishuka nikamwamkia, nikamwomba radhi, tukamsaidia kunyanyua gunia. Tuliporudi ndani, Upendo akasema bila kunitazama, "Mama, huyu angekuwa dereva wa basi, ungemwandika."

Baba Upendo, mimi nimebishana na wakubwa wenye vipaza sauti. Mbele ya binti yako niliegesha gari, nikazima injini. Tulikaa pembeni ya barabara mpaka mvua ikakatika.

Nilinunua mipira mipya mjini. Sikumpa fundi. Niliosha kioo kwa maji ya sabuni kama ulivyokuwa ukifanya, nikabonyeza kibanio, nikavuta. Ule wa upande wa dereva ulitoka kirahisi. Ule wa upande wa abiria, uliokuwa umeukaza kwa nguvu zako za mwisho, ulinichukua muda. Sikuwa na haraka nao.

Leo nimerudi Issuna peke yangu, na mipira yako kwenye mfuko. Nilifikiri mama yako atalia. Aliivuta, akaipima kwa kidole, akasema, "Cha mwanangu hakitupwi. Hiki kitafunga banda la kuku, mlango wake unanisumbua." Akaifunga hapohapo, kwa fundo ambalo mwizi atalichoka.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, uani kwake, kwenye kiti chako. Mvua imeanza tena na nimewasha waipa. Hazilii. Kila zikipita, naona banda la kuku, naona mawe makubwa nyuma ya nyumba, naona kaburi lako na udongo wake unaoanza kuota majani. Kwa ile mipira ya zamani, vyote hivi vingekuwa ukungu, na ndani ya ukungu ningeweza kujidanganya kwamba umeshuka mara moja tu, utarudi tuondoke.

Sasa naona vizuri. Ndilo nililokuwa nalikimbia miezi yote hii.

Mama yako ananiita nikanywe uji kabla haujapoa. Nazima gari, nashuka, naziinua waipa zote mbili mvuani. Majirani wacheke wanavyotaka.

Lala salama, mume wangu.

Mkeo anayekuhitaji bado,
Mama Upendo